Sindano ya miezi mitatu: nimechoma 17, naipa nyota tatu na nusu, na hiyo nusu ina mwenyewe

Ukiuliza watu sindano ya uzazi wa mpango ikoje unapewa majibu mawili tu. Mmoja anasema "mimi wala sijawahi kupata shida", mwingine anakwambia inaleta kansa, inaua kizazi na shemeji yake alivimba mpaka viatu havimtoshi. Sasa mimi nimechoma 17, kadi ninayo hapa, ni miaka minne na kitu, nilianza mtoto wa pili alipokuwa na miezi miwili nikaacha mwaka juzi. Mimi nauza chakula cha mchana hapa Mwanza, sio daktari, ila mdogo wangu anasomea ukunga na ndo alikuwa ananisomea tafiti kwa simu usiku nikiwa nachambua mchele, nilimhoji mpaka akawa anapiga miayo, kwa hiyo yale ya kitaalamu mtakayosoma humu ni ya kwake, ya mwilini ni yangu.

Naongelea ile wengi wanaita depo, milligramu 150, inachomwa kwenye msuli wa bega au tako kila baada ya wiki 12 au 13. Viwanda vinavyotengeneza sio kimoja, mimi nilichomwa yoyote iliyokuwepo siku hiyo na sikuona tofauti.

Mazuri yake kwanza maana yapo. Mume wangu mvuvi, anaweza kukaa visiwani wiki tatu afu anatokea usiku bila hata kupiga simu, kwa mtu kama mimi kidonge cha kila siku ni mtihani, nimeshawahi kukisahau siku nne mfululizo msimu wa mahindi nikalala na roho juu mwezi mzima. Sindano ukishachoma umemaliza, hakuna pakiti ya kuficha chini ya godoro, hakuna kitu mkononi ambacho wifi atakipapasa akuulize hiki nini. Na inafanya kazi kwelikweli, inalizuia yai lisitoke na inafanya ute wa mlango wa kizazi uwe mzito. Ukichoma kwa wakati wake wanaopata mimba kwa mwaka ni wawili kwenye wanawake 1,000. Kwenye maisha ya kawaida, yaani wale tunaosema "nitaenda kesho" mpaka mwezi unaisha, inapanda mpaka kama wanne kwenye 100, na hapo dawa haina kosa. Alafu kitu sikujua miaka yote hiyo, ukichelewa hadi wiki nne unaweza kuchomwa tu bila masharti, ndo mwongozo wa WHO unavyosema. Mimi nimewahi kurudishwa nyumbani kwa kuchelewa siku sita, nikaambiwa "rudi ukiona siku zako", siku zenyewe nilikuwa sijaziona mwaka mzima!

Siku ya kwanza nakumbuka nesi aliitikisa ile chupa kwa nguvu mpaka nikamuuliza kwani ni juisi, akasema dawa inakaa chini, usipotikisa unamchoma mtu maji. Akachoma, nikachukua pamba nikaanza kusugua kama tulivyozoea, akanipiga kofi la mkono, "usikande, dawa itaisha mapema". Huyo nesi simsahau, dakika mbili kanifundisha mambo mawili. Bahati mbaya alihamishwa.

Waliofuata sasa. Kituo chenyewe sikitaji. Unafika saa moja asubuhi, benchi limejaa, unaitwa saa tano, unaulizwa "ileile?", unavuta gauni bega, umemaliza, sekunde 40. Mimi saa tano nakuwa sijaweka hata maharage jikoni, siku ya sindano ni siku ya hasara. Na katika hizo sekunde 40 hamna mtu anakuuliza unatokwaje, unajisikiaje, una mpango wa mtoto lini.

Miezi mitano ya mwanzo nilitoka damu ya matone karibu kila siku. Sio nyingi, ila ni ile ya kukaa na kitambaa muda wote, huvai nguo nyeupe, mwanaume karudi toka ziwani unamwambia leo tena hapana. Baadae ikakata kabisa, hapo ndo nikaogopa zaidi manake mama aliniambia damu isipotoka inaganda tumboni inakuwa uvimbe. Nilizunguka na huo wasiwasi miezi mingapi sijui. Mdogo wangu alinicheka, akasema damu ya mwezi ni ule utando wa ndani ya mfuko wa uzazi unabomoka, sasa sindano inaufanya unakuwa mwembamba, hamna cha kubomoka, kwa hiyo hamna kilichoganda kwa sababu hamna kilichokuwepo. Karibu nusu ya wanaotumia mwaka mzima inawakata. Sentensi mbili tu jamani. Sentensi mbili zingeniokoa usingizi wangu.

Unene. Nimeongezeka kilo sita na naomba nisiambiwe ni chipsi. Ila haki itendeke, kuna utafiti unaitwa ECHO (narudi kwake sasa hivi) walipima wanawake uzito, baada ya mwaka hadi mwaka na nusu wa sindano walikuwa wameongezeka wastani kilo 3.5, wa kijiti (kile cha homoni kinachowekwa chini ya ngozi ya mkono) kilo 2.4, na wa kitanzi cha shaba, kile cha ndani ya mfuko wa uzazi ambacho hakina homoni hata chembe, kilo 1.5. Kwa hiyo sehemu ya unene ni umri na maisha tu, sehemu ni sindano kweli. Nilivyosikia hiyo nilijisikia vizuri, kwa sababu kila nikilalamika pale dirishani nilikuwa naambiwa "hiyo ni wewe mwenyewe".

Sasa ECHO yenyewe, hapa naomba mtulie. Kwa miaka mingi kulikuwa na maneno kwamba sindano inamfanya mwanamke aambukizwe VVU kirahisi, na hayakuwa maneno ya vijiweni, watafiti wenyewe walikuwa wanavutana, tafiti zingine zinasema ndio zingine hapana. Tatizo lake ni kwamba mwanamke anayechagua sindano na anayechagua kondomu hawaishi maisha sawa, utajuaje ni dawa au ni maisha? Ndo wakaamua kufanya kama kura. Wanawake 7,829, umri 16 hadi 35, Kenya, Zambia, Afrika Kusini na Eswatini, vituo 12, kimoja kiko Kisumu, ng'ambo ya ziwa letu hilihili. Wote walitaka uzazi wa mpango na walikubali kupangiwa, huyu sindano, huyu kijiti, huyu kitanzi, wakafuatiliwa mpaka miezi 18. Hebu fikiria unakubali njia yako ya uzazi ichaguliwe kwa kura, mimi nisingeweza, nawavulia kilemba.

Majibu yakatoka Juni 2019. Walioambukizwa ni 397: sindano 143, kitanzi 138, kijiti 116. Kwa hesabu zao tofauti hiyo haikutosha kusema sindano ndo mchawi. Mdogo wangu akaongeza, na nampenda kwa hili, kwamba utafiti ulipangwa uweze kukamata ongezeko la asilimia 50 kwenda juu, kama kuna katofauti kadogo zaidi ya hapo haukatai wala haukubali. Agosti mwaka huohuo WHO wakaondoa ile tahadhari waliyokuwa wameiweka, sindano ikarudi kundi la kutumika bila kizuizi hata kwa mwanamke aliye kwenye hatari kubwa ya VVU.

Ila mimi kilichonikaa kichwani sio hicho. Ni kwamba karibu wanne katika kila 100 waliambukizwa kwa mwaka, njia yoyote waliyokuwa nayo, na hawa ni watu wanaoshauriwa na kupewa kondomu bure kila wakija. Kwa hiyo sindano haikuletei ugonjwa, na haikuzuii na ugonjwa, na mimi mume wangu analala visiwani. Miaka minne kwenye lile benchi sijawahi kuambiwa "chukua na kondomu", sijawahi kuulizwa lini nimepima. Nyota moja nzima nimekata hapo.

Kansa ya titi, hii ndo ilinifanya nianze kuuliza maana mama yangu mdogo alikatwa titi la kushoto. Kuna utafiti mkubwa wa Denmark wa 2017, wanawake milioni 1.8 walifuatiliwa karibu miaka 11, wakaona wanaotumia au walioacha karibuni njia za homoni, vidonge na vinginevyo, hatari inapanda kama asilimia 20. Asilimia 20 inatisha ukiisikia hivyohivyo, nilitaka kuacha siku ileile. Kumbe ni 20 ya kitu kidogo, ukihesabu kwa vichwa ni kama mgonjwa mmoja wa ziada kwenye wanawake 7,690 wanaotumia kwa mwaka. Na kuwa na ndugu aliyeugua sio kizuizi. Kizuizi ni wewe mwenyewe kuwa na kansa ya titi, hapo homoni yoyote hapana, kitanzi cha shaba ruksa. Na upande wa pili sindano inapunguza kansa ya ule utando wa ndani wa mfuko wa uzazi, hiyo hamna mtu anaisimulia.

Kwa wanaochoma miaka na miaka kuna mawili zaidi. Mifupa inapungua uzito wakati unatumia, Marekani waliweka onyo kali kwenye boksi tangu 2004, kwa wengi inarudi ukiacha. Na 2024 Wafaransa waliangalia wanawake 18,061 waliofanyiwa upasuaji wa meninjioma, uvimbe wa utando wa ubongo ambao mara nyingi sio kansa, wakakuta waliochoma sindano hii mwaka mmoja na zaidi hatari yao ni kama mara 5.6. Ugonjwa wenyewe ni wa nadra, na Ufaransa sindano hii haitumiki sana kwa hiyo waliokutwa nayo walikuwa wachache mno. Ila kama unaumwa kichwa kisichoeleweka afu una miaka mitano ya sindano, mwambie daktari kwamba unachoma, usimwachie abahatishe.

Na msiwacheke mama zetu wakisema hii dawa ina mambo. Wamarekani wenyewe waliikataa kwa uzazi wa mpango 1978, wakaja kuikubali 1992, na muda wote huo huku Afrika inachomwa. Zimbabwe walipata uhuru 1980, 1981 wakaipiga marufuku kwa sababu ya jinsi wanawake weusi walivyokuwa wanachomwa enzi za wakoloni. Mtu akiwa na historia hiyo afu wewe unamwambia "ni salama, vuta gauni", atakuamini vipi?

Lawama yangu kubwa ni ya mwisho. Nilipoacha nilijua mwezi wa nne tu nitashika mimba, mbona sindano ni ya miezi mitatu. Ukapita wa nne, wa sita, wa nane. Mama mkwe akaanza kuniangalia na lile jicho, wifi akasema "si tulikwambia", mume kimya, na kimya chake ndo kibaya zaidi. Nilikunywa mizizi ya watu wawili tofauti. Mimba ilikuja mwezi wa 11. Kumbe imeandikwa kabisa kwenye karatasi ya dawa, kwa waliotaka mtoto nusu yao inachukua mpaka miezi 10 tangu sindano ya mwisho, wapo waliokaa miezi 31, na haiui kizazi, inachelewesha tu. Hilo neno "inachelewesha" ningelisikia mapema mizizi nisingekunywa. Kwa hiyo kama unataka mtoto ndani ya mwaka huu, sindano sio yako, chukua kijiti au kitanzi, hivyo ukitoa uzazi unarudi haraka.

Kuhusu foleni, dawa yake ipo. Kuna sindano ndogo ya milligramu 104 ya chini ya ngozi, unafundishwa unajichoma mwenyewe tumboni au pajani. Malawi walifanya utafiti na wanawake 731, baada ya mwaka mmoja waliojichoma wenyewe asilimia 73 walikuwa bado wanaendelea, waliokuwa wanafuata kituoni 45. Mimi sishangai, ningekuwa najichoma jikoni kwangu maharage yanachemka nisingewahi kuchelewa. Ulizeni kama kituoni kwenu ipo.

Ile nusu nyota sasa. Wiki iliyopita nimepeleka mtoto wa tatu chanjo, kituo kingine, kuna nesi binti mdogo tu, akaniuliza "dada, unataka kupumzika muda gani, na kilichokusumbua mwanzo ni nini?" Nikaongea robo saa, akasikiliza, akaniuliza na habari ya kupima tukiwa wote wawili mimi na baba watoto. Nimechagua kitanzi cha shaba, akanionya hedhi inaweza kuwa nzito na kuuma miezi ya mwanzo, vyote akaandika kwenye kadi mpya. Nilivyofika nyumbani nikaitoa ile ya zamani kuzilinganisha. Ina tarehe 17, mihuri 17, na pale panapoandikwa "maelezo" ni peupe juu mpaka chini.