Ramani ya kukunja: Vita ya Mwingereza na Mjerumani Nyanda za Juu Kusini, 1914–1918

Ramani hii wanayo wauza vitabu wa Mwanjelwa na Iringa mjini. Kipimio chake ni 1:1,000,000, yaani sentimita moja kwa kilomita kumi. Kufuata njia ya majeshi kutoka Tukuyu hadi Iringa inatosha. Ukitafuta handaki shambani, haikusaidii.

Sehemu ya 1916 imechorwa vizuri. Jenerali Northey wa Waingereza anaingia Mei, kati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika, anatwaa Neu Langenburg (ndiyo Tukuyu) kabla mwezi haujaisha, na tarehe 29 Agosti Iringa iko mikononi mwake. Majina ya Kijerumani yamewekwa sambamba na ya leo: Bismarckburg ni Kasanga, Wiedhafen ni Manda, Sphinxhafen ni Liuli, ambako Agosti 1914 meli ya Waingereza Gwendolen iliikuta Hermann von Wissmann iko nchi kavu ikitengenezwa. Sasa mchoraji makini hivyo amewezaje kuipa Mbeya doa jekundu kubwa? Mji wenyewe umeanza miaka ya 1920, enzi za dhahabu ya Lupa.

Kasoro kubwa ni mishale. Yote inaelekea upande mmoja, kana kwamba Mjerumani alikuwa anakimbia tu. Oktoba 1916 Jenerali Wahle wa Wajerumani alishuka kutoka Tabora, akapenya kati ya Iringa na Njombe na kuvuruga njia za Northey. Hakuchorewa hata mstari. Wintgens, ofisa wa Kijerumani aliyechomoka kwenda kaskazini Februari 1917, naye hayumo. Yeye aliugua homa ya chawa akajisalimisha Mei, lakini kikosi chake, chini ya ofisa mwenzake Naumann, kiliwasumbua Waingereza mpaka Oktoba. Safari ya Lettow-Vorbeck, kamanda mkuu wa Wajerumani, ya 1918, Njombe hadi Abercorn (Mbala), ipo bila tarehe. Alisalimisha silaha 25 Novemba, wiki mbili baada ya Ulaya kunyamaza, na ramani ya vita isiyosema hilo imeacha jambo zito.

Ufunguo una alama za mizinga, meli na boma. Wapagazi hawana alama, ilhali kwa hesabu inayotajwa sana, upande wa Waingereza peke yake walikufa takriban 95,000. Mbung'o waliua wanyama wa mizigo, kwa hiyo chakula na risasi vilipanda milima vichwani mwa watu.

Ukinunua, omba iliyofanyiwa laminesheni. Ile ya karatasi tupu ina kikunjo kinachopita juu ya Njombe, na wino hapo unabanduka mapema.