Uzoefu wangu wa mwaka mmoja katika kikoba: jinsi nilivyoielewa riba

Kabla ya kujiunga na kikoba cha mtaani kwetu Mbagala, yaani kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana, riba kwangu ilikuwa tarakimu tu kwenye simu. Niliwahi kukopa huko shilingi 100,000 kwa ada ya asilimia 15 kwa mwezi, nikaongeza muda mara tatu, na kwa kuwa kila mara nililipa 15,000 peke yake, sikutambua kwamba nilikwisha kutoa 45,000 ilhali deni lingali palepale.

Katika kikoba hesabu hufanyika mbele ya macho yetu. Kila Jumamosi wanachama watatu wenye funguo hufungua sanduku la kufuli tatu, fedha huhesabiwa kwa sauti, na kila hisa ya shilingi 2,000 hugongewa muhuri katika kitabu cha mwanachama, mwisho hisa tano kwa mkutano. Mama mmoja katika kikundi chetu hajui kusoma, lakini huhesabu mihuri yake na kuitaja akiba yake bila kukosea. Mfuko wa jamii, wa misiba na maradhi, huwekwa kando ili usichanganyike na fedha za mikopo.

Siku ya kugawana fedha mwishoni mwa mwaka ndiyo iliyonifumbua macho. Tulikuwa na hisa 3,600, yaani akiba ya 7,200,000, na riba tuliyolipa wenyewe kwa mikopo ya asilimia 5 kwa mwezi ilifika 1,980,000. Tulijumlisha, tukagawanya kwa idadi ya hisa, na kila hisa ikawa 2,550. Kwa hisa zangu 140 nilipokea 357,000, nikaelewa kwamba sehemu ya ile faida ya 77,000 ilitokana na riba niliyoilipa mimi mwenyewe nilipokopa mtaji wa vitenge.

Kikundi chetu kimesajiliwa kama Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 inavyotaka, na namsihi anayetaka kujiunga popote aombe kwanza kuonyeshwa cheti.

Kasoro ninayoiona ni moja, nayo si ndogo: hisa ya mwezi wa kwanza, iliyokopeshwa mwaka mzima, hupata faida sawa na hisa iliyonunuliwa wiki ya mwisho. Nimependekeza tusiuze hisa katika miezi miwili ya mwisho, na katibu ameliandika jambo hilo liwe ajenda ya mkutano wa kwanza wa mzunguko ujao.