Miezi minane na dekio la kupulizia: sakafu ya lamineti na udongo mwekundu wa Kigoma

Nilinunua dekio hili mwezi Agosti, kiangazi kikiwa kimekolea na vumbi likipenya hata kwenye makabati yaliyofungwa, na tangu hapo limepitia msimu mzima wa mvua mikononi mwangu na mwa binti anayetusaidia kazi za nyumbani. Tunaishi Mwanga, mjini Kigoma. Sebuleni na katika vyumba viwili vya kulala tumetandika lamineti, yaani vipande vya sakafu vyenye sura ya mbao vinavyounganishwa kimoja kimoja, iliyosafirishwa kutoka Dar es Salaam, ilhali jikoni, kwenye korido na barazani kuna marumaru, yaani vigae, kwa hiyo nimelijaribu kwenye sakafu za aina mbili zenye tabia tofauti kabisa.

Kilichonisukuma kulitafuta ni hasara. Mwaka wa kwanza baada ya kuhamia tulipiga deki kama tulivyozoea tangu utotoni: ndoo ya maji, sabuni ya unga, tambara zito lililokamuliwa nusunusu, kisha milango inaachwa wazi ili pakauke. Miezi michache baadaye kingo za vipande vinne karibu na mlango wa sebule zilianza kuinuka, ukipitisha mguu mtupu unazihisi kama makovu. Nilitaka kumlaumu binti, lakini kosa lilikuwa langu, kwa maana fundi aliniambia wazi kwamba sakafu hii haimwagiwi maji, nami sikumwambia yeyote. Zaidi ya hapo, nilijidanganya kwa maandishi ya boksi. Lamineti yetu ni ya daraja la AC4, nikadhani namba hiyo inamaanisha imara kwa kila jambo, kumbe inahusu uwezo wa uso wake kustahimili msuguano na uchakavu, wala si ruhusa ya kuiogesha.

Sababu ya kuvimba ni rahisi kuielewa ukishaona kipande kilichokatwa. Ule mwonekano wa mbao ni picha iliyochapwa kwenye karatasi na kufunikwa kwa utando mgumu wa melamini, na chini yake ndipo lilipo tumbo lenyewe la ubao, yaani nyuzi za miti zilizosagwa na kushindiliwa kwa gundi. Utando wa juu hauyaogopi maji machache, lakini kwenye maungio haupo. Maji yakituama hapo huzama, nyuzi huyanywa na kuvimba, na hata zikikauka hazirudi zilivyokuwa. Vipande vile vinne ilibidi tuving'oe.

Dekio lenyewe ni kitu chepesi: mpini wa bati, kibao bapa cha chini kinachozunguka pande zote, kitambaa cha maikrofaiba, yaani cha nyuzi nyembamba sana, kinachonatishwa chini ya kibao, na chupa ndogo iliyoning'inia kwenye mpini, ambayo ukibonyeza kibonyezo hupuliza manyunyu mbele ya kitambaa. Nililipa shilingi 38,000 pamoja na vitambaa viwili, bei ambayo kwa mtu aliyezoea dekio la kamba la shilingi elfu chache inauma. Hata hivyo, kwa upande wa lamineti sijutii, kwa sababu fadhila yake kubwa ni uchache wa maji. Napuliza mara mbili, nafuta eneo la kama mkeka mmoja nikifuata urefu wa mbao, nasogea. Nikigeuka nyuma sehemu ya kwanza imeshakauka. Sebule nzima inatumia maji yasiyofika nusu ya chupa, na tangu Agosti hakuna ukingo mwingine ulioinuka.

Lakini asije mtu akalinunua akidhani limemwondolea ufagio. Udongo wetu ni mwekundu kwa sababu ya kutu ya chuma iliyomo ndani yake, na umechanganyika na chembe za mchanga. Wiki ya kwanza, kwa uvivu, nilipuliza moja kwa moja juu ya vumbi bila kufagia, nikapata tope jepesi la rangi ya matofali lililosambaa kwa mistari mizuri sana, na zile chembe zikaburuzwa chini ya kitambaa kama msasa. Sasa utaratibu haubadiliki: kwanza ufagio wa nywele laini, kwa sababu ule wa chelewa naona ni wa uani, kisha kitambaa kikavu cha maikrofaiba, na maji ni ya mwisho. Mvua zinapoanza, kilichotusaidia kuliko dekio lolote ni zulia gumu la kufutia miguu nje ya mlango na amri ya kuacha kandambili barazani, amri ambayo wageni huitii kuliko watoto.

Sabuni iliyokuja na chupa ilinukia vizuri na ikaisha baada ya wiki tatu. Tangu hapo natia matone machache ya sabuni ya maji ya kuoshea vyombo katika chupa iliyojaa maji safi, basi. Ukizidisha, sakafu hubaki na ukungu, na nyayo zinaonekana kila ukipita dirishani kwa jua la jioni; wengi hudhani sakafu imechakaa, kumbe ni sabuni iliyogandamana. Siki sitii, hasa kwa ajili ya marumaru, kwa kuwa uchachu wake hula saruji iliyo katikati ya vigae. Tena isichanganywe kamwe na dawa ya kung'arishia nguo yenye klorini, kwani mchanganyiko huo hutoa hewa ya sumu.

Jikoni ndiko dekio hili liliponiangusha. Mama mkwe wangu hutoka Ujiji na dumu la mawese, na nyumba inayopika kwa mawese haikosi tone sakafuni. Juu ya lamineti tone hilo si tatizo: nalifyonza kwa karatasi, nafuta kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, kisha nakausha. Kwenye marumaru kigae chenyewe hutakata, ila mistari ya saruji hunywa ile rangi ya chungwa, ambayo ni karotini, ndugu wa ile ya kwenye karoti. Kibao bapa hupita juu ya mistari hiyo bila kuigusa. Hapo hakuna njia ila kupiga magoti na mswaki wa zamani, na baadaye kupiga deki kwa ndoo kama kawaida. Kwa baraza vilevile, maji mengi na brashi ngumu vinafanya kwa dakika tano kazi ambayo dekio hili halitaimaliza.

Vitambaa vimedumu vizuri kuliko mpini. Tunavifua peke yake, mbali na mataulo yanayotoa manyoya, bila dawa ya kulainisha nguo, kwa sababu dawa hiyo huzifunika nyuzi zikapoteza uwezo wa kushika vumbi. Kibonyezo, kwa upande wake, kilikufa mwezi wa nne tangu ninunue dekio. Muuzaji alinitazama kama niliyekivunja kwa makusudi, akasema bidhaa ikishatoka dukani imetoka. Nimenunua chupa ya kupulizia nywele, ya aina inayotumika saluni, kwa shilingi 2,000. Napuliza kwa mkono wa kushoto, nafuta kwa wa kulia, na matokeo ni yaleyale. Kama ningejua, ningetafuta dekio bapa lisilo na chupa na kuokoa fedha nyingi.

Shemeji yangu wa Dar es Salaam alituahidi dekio la mvuke la umeme. Nilimshukuru, nikamwomba asilitume, kwani mvuke husukuma unyevu ndani ya maungio kuliko hata tambara.

Mama mkwe alipoona sebule inavyong'aa aliniuliza, "Mwanangu, na mimi utaniletea lini langu?" Nyumba yake ina sakafu ya saruji iliyopigwa niru, isiyo na maungio wala nyuzi za kuvimba. Nilimjibu, "Mama, yako haina shida na maji," nikamnunulia ndoo mpya na dekio la kamba.