Saluni ya kusuka ku komini ya Kenya, Lubumbashi: bei ni moja kwa kila mutu

Siku ya posho nilipeleka rafiki yangu kusuka, tunakalaka benchi moja darasa ya tano ya sekondari, baba yake Mugriki, mama wa hapa hapa, na kila saluni tukiingia wanamuita "muzungu" na bei inapanda palepale eti metisi iko na feza, wengine eti nywele zake zinateleza hazisukike, kumbe kwao wanakula bukari na sombe kama sisi.

Huyu mama wa karibu na soko ya Kenya hakuuliza kitu. Alilowesha nywele kidogo, akatia mafuta, akaanza ku shingo na mistari midogo anashika karibu kabisa na ngozi, mwisho akachovya ncha za meshi (nywele za kuongeza) ndani ya maji ya moto zisifunguke. Masaa matatu, na bei ni ile ile nililipa mimi.

Mama muzee mumoja alikuwa anangoja zamu, akatuelezea vile wakati ya ukoloni watoto metisi walinyanganywa mama zao, Ubelgiji iliomba musamaha 2019 na 2024 korti ya rufaa ya Brussels ikasema ile ni uhalifu juu ya ubinadamu. Rafiki yangu alinishika mukono, hakusema neno. Mimi pia nilikuwaga namuita muzungu ku masomo, niliona ni mchezo tu. Nilimuomba musamaha palepale.

Nafasi ni ndogo, muende asubuhi mapema.