Mafundi walioezua paa la asbesto nyumbani kwetu Shangani, Mtwara

Nyumba aliyotuachia marehemu baba pale Shangani iliezekwa kwa mabati ya asbesto, yale ya kijivu yenye migongo minene, kabla mimi sijazaliwa. Yalipoanza kumeguka na unga wake kudondokea darini, niliwaita mafundi waliosema wanaifahamu kazi hiyo, nami nawaandikia wenzangu wenye nyumba za namna hiyo.

Kazi ya kuezua naisifu bila kusita. Hawakupiga nyundo hata mara moja. Kijana mmoja alitangulia na bomba la mgongoni, kama lile la kupulizia dawa mikorosho, akalowesha kila bati kwa maji yenye sabuni. Wenzake wakafungua skrubu kwa spana, wakateremsha bati moja moja kwa kamba likiwa zima, na papo hapo wakalifunga kwa nailoni nzito tabaka mbili. Darini hawakufagia, bali walipangusa kwa matambara mabichi, nayo matambara yakafungwa humo humo.

Uangalifu huo una sababu. Nyuzi za asbesto ni nyembamba kiasi kwamba jicho halizioni, na bati kavu likivunjwa huruka hewani. Mtu akizivuta, baadhi hufika kwenye utando unaofunika mapafu na kukaa humo miaka na miaka, kwa kuwa mwili hauna uwezo wa kuziyeyusha. Saratani ya utando huo, mesotelioma, ni adimu, na kwa kawaida hujitokeza baada ya miaka 20 hadi 50. Mgonjwa hubanwa na pumzi, huumwa kifua, hujaa maji kifuani na hukonda, dalili ambazo huku kwetu mtu huzidhania haraka kuwa kifua kikuu. Ndiyo maana fundi yeyote aliyewahi kukata mabati haya anapaswa kumweleza daktari hata kama ni kazi ya ujanani.

Kasoro ziko kwa mafundi wenyewe. Walivaa barakoa nyepesi za hospitali, ambazo hazizuii nyuzi hizo, na jioni ya kwanza nilimwona mmoja akikung'uta ovaroli yake kwenye kibaraza changu, tayari kurudi nayo nyumbani. Nilipomwendea msimamizi, alinijibu, "Mama, sisi tumeshazoea." Nikamwambia kwamba mwaka 1960 daktari Wagner na wenzake waliandika kuhusu wagonjwa 33 wa mesotelioma huko Afrika Kusini, na miongoni mwao walikuwamo watu ambao hawakuwahi kuchimba asbesto, bali waliishi tu karibu na machimbo, na kwamba wako wanawake waliougua kwa kufua nguo za kazi za waume zao. Alinyamaza. Kesho yake ovaroli zote zililoweshwa na kubaki kwenye pipa, lakini barakoa zilikuwa zile zile.

Paa jipya la msauzi limekaa vizuri, halivuji.

Jirani yangu aliomba vipande viwili vya kuezekea banda la kuku. Nilimnyima, nikamweleza sababu, naye akanielewa. Mzigo wote uliondoka kwa gari la mafundi, wakiahidi kuufukia kwenye shimo refu mbali na makazi na visima. Shimo hilo bado sijaonyeshwa, na sehemu ya malipo yao nimeizuia mpaka nitakapoliona.