Kliniki ya akina mama hapa Kisumu, nyota 4

Nimepoteza mimba tatu na kila mahali naambiwa tu pole mama, jaribu tena. Hawa ndio wa kwanza kuita na bwanangu, wakatutoa damu wote wawili wapime kromosomu, zile nyuzi ndani ya seli zinabeba urithi kutoka kwa wazazi. Majibu yalikaa karibu wiki nne na hawakupiga simu hata mara moja, hapo ndio natoa nyota. Kumbe bwanangu ako na kromosomu 45 badala ya 46, namba 13 na 14 zimeshikana, yeye ni mzima kabisa lakini mtoto anaweza rithi zikiwa zimezidi ama zimepungua na mimba inatoka. Daktari alituchorea kwa karatasi pole pole, akasema bado tunaweza pata mtoto mzima. Nililia kwa matatu mpaka Kondele.