PABX ya ekstensheni 96 hapa Dodoma: mashine haina neno, ila ethi (waya wa kushusha umeme ardhini) kwanza

Habari wakuu. Nimekaa na hii PABX (mashine inayounganisha simu zote za ndani, yaani ekstensheni, na laini ya nje) mwaka na miezi minne sasa kwa hiyo naandika ninachokijua. Kazini kwetu ni hosteli na kumbi za mikutano, nje kidogo ya mji upande wa kwenda Nzuguni, majengo matatu, vyumba 80 pamoja na ofisi. Mi ndo naangalia mambo ya TEHAMA na hili suala la simu niliachiwa mwanzo mwisho.

Kwa nini simu za mezani wakati kila mgeni ana yake mfukoni? Kwa sababu maji yakikatika saa nane usiku mgeni anainua simu anabonyeza 0 anaongea na risepsheni, hatafuti namba ya mtu wala salio. Na kwa nini hatukuchukua zile za kisasa za kwenye intaneti, ni kwamba waya za shaba zilishakuwepo ukutani tangu majengo yanajengwa, jozi mbili kila chumba, tungetaka nyingine ingebidi tuvunje kuta za majengo matatu. Kwa hiyo tukachukua mashine ya zamani ila kubwa, used, makabati matatu yanapandishwa moja juu ya lingine, kadi sita za ekstensheni 16 kila moja. Laini ya nje ni E1 (laini ya kidijitali kutoka kampuni ya simu) moja tu na inatosha kabisa, inabeba maongezi 30 kwa wakati mmoja, na namba yetu ya nje ni moja tu inayoanza na 026.

Mafundi wa kwanza (kampuni siitaji) walifunga kwa siku mbili, wakawasha, simu zikalia, wakaondoka. Kitu pekee nilichokiona ni mvumo, yaani ukiinua simu za jengo la nyuma unasikia ngrrrr chini ya toni, nikawapigia wakasema ni waya za zamani. Nikakubali. Desemba mvua zikaanza, ile radi ya kwanza ya usiku, asubuhi kadi mbili hazina taa hata moja. Vyumba 32 kimya, na siku hiyo tulikuwa na semina ya watu zaidi ya sitini.

Hapo ndo nikampata mzee mmoja mstaafu, kafanya kazi za simu tangu enzi za swichibodi za kuchomeka waya. Alivyofika hakugusa mashine kabisa. Aliuliza, "Binti, ethi yenu inashuka wapi?" Nikamwonyesha waya wa kijani unatoka nyuma ya kabati unapita dirishani umebanwa kwenye bomba la maji la chuma ukutani. Akachuchumaa, akachukua kipande cha nondo akaanza kufukua pale bomba linapoingia ardhini. Sentimita kama thelathini hivi, bomba la chuma likaisha, limeunganishwa na la plastiki. Yaani waya wetu wa ethi ulikuwa unaishia kwenye plastiki! Mashine ya mamilioni, watu zaidi ya sitini ndani, na miezi yote ile radi haikuwa na njia ya kwenda ardhini zaidi ya kupitia kwenye kadi zetu. Nilisikia uchungu sana aisee, maana nilikuwa napita pale kila siku.

Kazi ya ethi ilichukua siku tatu, ndefu kuliko kufunga mashine yenyewe. Udongo wetu huku mnaujua, juu mchanga chini mawe, rodi ya kwanza (ile fimbo ya chuma ya ethi inayopigiliwa ardhini) iligonga mwamba kwenye mita moja ikapinda. Tukasogea upande wa bustani, zikashuka sita, zikaunganishwa kwa waya mnene wa shaba, kila shimo likawekwa mkaa na chumvi halafu maji. Alikuwa anataka upinzani wa ethi uwe chini ya ohm 5, maana ukiwa mdogo ndo vizuri, mita ikasoma 3.8, mi nikashangilia, akaniambia nisiifurahie hiyo namba kwa sababu ni Januari ardhi imelowa, tupime tena Oktoba. Oktoba ikasoma 9, tukaongeza rodi mbili na sa hivi mtunza bustani ana ratiba ya kumwagilia yale mashimo kiangazi chote kama anavyomwagilia maua.

Kuwasha sasa. Wale wa kwanza walichomeka kadi zote wakapandisha breka. Mzee alichomoa kila kitu, kabati likabaki tupu na sehemu ya umeme tu. Hii mashine inakula volti 48 za DC kutoka kwenye betri nne za volti 12 zilizofuatana, na chaja inazijaza muda wote, na cha ajabu kwangu ni kwamba chanya ndo inaenda ardhini, kwa hiyo kwenye laini unapima hasi 48. Akanieleza hivyo ndivyo simu zilivyofanywa tangu zamani ili waya za shaba zilizofukiwa zisiliwe na kutu. Kabla ya kugusa betri alivua saa na pete, spana ameizungushia tepu mpaka mwishoni kabisa, akasema betri hizi zikikutana na chuma zinayeyusha. Akapima, 54, ndo kawaida zikiwa zinachajiwa. Ndo akaingiza kadi ya prosesa peke yake, tukasubiri taa iache kupepesa, kisha kadi ya kwanza, anapima, ya pili, anapima, mpaka ya sita. Saa nzima na nusu. Muda wote amevaa ule mkanda wa mkononi wenye waya uliobanwa kwenye kabati, na umuhimu wake niliuona Julai, ule upepo mkavu na sweta ya sufu, ukigusa kitasa tu cheche inakuruka, na cheche hiyo hiyo inaua kadi.

Kingine, usiuone waya wa simu ni mwembamba ukadhani hauna umeme. Nilikuwa nimeshika jozi moja kwenye Krone (ule ubao wa kuunganishia waya za simu), mtu akapiga ekstensheni hiyo, nilitupwa mkono. Simu ikiwa inaita kuna AC kama volti 90 hivi juu ya ile 48.

Mvumo uliisha siku hiyo hiyo, kwa hiyo waya za zamani hazikuwa na kosa.

Betri tulizijaribu kwa kuzima meni swichi saa tatu asubuhi, tukarudisha saa kumi jioni, simu hazikuyumba. Nimependa pia kwamba namba za dharura 112 na 114 zinapigwa moja kwa moja bila kutanguliza 9 ya kutokea laini ya nje, mzee alisisitiza hilo, mgeni mwenye moto chumbani hawezi kujua habari za 9.

Nisichokipenda: feni zina kelele na vumbi la huku linaziba chujio kila mwezi, spea ni za kutafuta, ile kadi moja kati ya mbili tulisubiri wiki tano. Na kuipangia namba mpya ni kazi ya kubonyeza msimbo mrefu wa tarakimu kwenye simu ya opereta, ukikosea unaanza upya.

Wiki iliyopita tulipigwa na radi kubwa kuliko ile ya kwanza, madirisha yalitikisika. Asubuhi nikazunguka vyumba vyote na ofisi zote, nainua simu moja moja, ekstensheni 96, zote zina toni. Kwenye Krone kuna vile vichupa vidogo vya gesi alivyoweka mzee, kazi yake ni kupitisha radi iende ardhini isifike kwenye kadi. Viwili vimeungua vyeusi tii. Nimeshabadilisha, na vile vyeusi nimevipeleka kwa mhasibu, viko mezani kwake.